Unguja kwa Jina la Mwenzangu

Tangu nirudi, hakuna asubuhi ninayofungua dirisha la kuuzia mikate bila mmoja wenu kuniuliza: Tatu yuko wapi, na huko kisiwani kukoje? Nikimjibu wa mbele, wa nyuma anasikia nusu, na jioni narudishiwa habari ambazo sikuzisema. Mama mmoja wa sokoni amekwisha kuniletea unga na sukari ya matanga. Tatu hakufa. Ni mzima, yuko Bagamoyo, na jinsi alivyobaki huko ni habari ndefu, haisemeki dirishani huku mikate inaungua. Kwa hiyo nimeiandika. Darasani sikukaa sana, mtanisamehe mwandiko. Mambo ya tikiti na vibali nimeyaacha.

Safari ya mbele ya tanuri

Wengi wenu mlimjua mume wetu Athumani. Alikuwa Mwunguja, aliletwa Lushoto na Mzungu aliyekuwa akimpikia. Mzungu akaenda zake kwao, Athumani akabaki, akajenga tanuri. Alimwoa Tatu kwanza. Miaka mingi baadaye akanioa mimi, Hadija, mnayeniita Dija. Tukakaa nyumba moja, vyumba mbalimbali, tanuri moja.

Kila kipupwe, ukungu ukishuka mpaka kizingitini, tulikaa watatu mbele ya tanuri na Athumani akaanza kupanga safari. Tutakwenda Unguja, tutapumzika mwezi mzima kama Wazungu wanavyokwenda livu, hakuna kukanda unga. Tutafikia kwa shangazi yake, Bi Mize, chumba cha mbele chenye upepo. Asubuhi tutakula muhogo wa nazi, mchana pweza, jioni tutajipamba tutembee pwani watu watuone.

"Pweza ulisema jioni," Tatu humsahihisha. Alikuwa ameyasikia mara nyingi kuliko mimi.

Mwaka ukipita, Athumani husema mwaka ujao. Akafa mvua za vuli, mwaka ujao haujafika.

Tulipotoka eda na baridi kurudi, tukajikuta wawili mbele ya lile tanuri, hakuna wa kupanga safari. Tatu na kifua chake mnakijua. Baridi ikizidi hawezi kulala chali, hulala ameketi, ameegemea mito, na mimi ukuta wa pili nasikia pumzi zake kama msumeno. Siku moja alisema, bila kuniangalia, "Twende."

Sikumwuliza wapi.

Mmeniuliza kwa nini hatukupandia chombo Tanga, karibu na kwetu. Tanga hatukuwa na mtu. Bagamoyo alikuwako wifi yetu Mwanamvua, dada wa Athumani, mjane kama sisi. Yeye ndiye angetutafutia chombo na kupeleka habari kwa shangazi.

Kutoka mlimani mpaka mto Wami

Tuliteremka Mombo kwa lori la mboga, tumekaa juu ya makabichi, Tatu amejifunga shuka mpaka puani. Korogwe tukapata lori la Mhindi lililobeba magunia ya chumvi na mabati, likielekea Bagamoyo kwa njia ya Handeni. Dereva alikuwa mtu mpole, lakini alisimama kila penye kijiwe cha kahawa. Abiria aliyekaa nasi, mwanamke wa Kizigua mwenye kuku wawili, aliniuliza, "Mama yako anaumwa?"

"Si mama yangu."

"Mkwe?"

"Mke mwenzangu."

Alitutazama mmoja mmoja, kisha akawavuta kuku wake upande wa pili.

Masika ya mwaka ule yalichelewa kwisha. Tulipofika Wami mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, yamebeba magogo, na pantoni limefungwa kwa minyororo. Tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri kwa siku ambazo sikuzihesabu, watu wa malori matatu, chini ya mabanda ya makuti yaliyovuja. Chakula kilikuwa kambare na ugali, kambare na ugali, mpaka harufu ya kambare ikawa ndani ya nguo zetu. Mbu walikuwa wengi kiasi kwamba watu waliongea huku wakijipiga makofi.

Pale kivukoni ndipo nilipoanza kuona kwamba Tatu hana haraka. Mimi nilikuwa nakwenda ukingoni kila asubuhi kutazama kama maji yamepungua. Yeye hakwenda hata mara moja. Nilipomwuliza kama haoni hamu ya kuvuka, alisema, "Mto utapungua ukitaka." Nikadhani ni uchovu.

Fukayosi

Baada ya kuvuka, springi ya lori ilikatika karibu na Fukayosi. Dereva akaenda Bagamoyo kwa miguu na baiskeli za watu kutafuta nyingine, sisi tukapokewa na mama mmoja wa Kikwere, Bi Semeni. Alitupa ugali wa muhogo na kisamvu, akatutandikia mkeka, akatuuliza tunakotoka na tunakokwenda. Tulipomwambia tu wake wa mtu mmoja na tunasafiri wenyewe, alijifunga kanga yake upya. Baadaye kidogo akatoka. Aliporudi alikuwa na jumbe wa kijiji.

Kumbe siku zile kulikuwa na mwanamume wa huko bara aliyetuma habari kwamba wake zake wawili wametoroka na mali yake. Jumbe, mtu mfupi mwenye kanzu iliyofuliwa vizuri, akakaa kitini mbele yetu.

"Shikamoo, jumbe," nikamwamkia.

"Marahaba. Mume wenu yuko wapi?"

"Tumemzika," Tatu akasema.

"Mmemzika! Lini?"

"Kabla ya kukaa eda."

Bi Semeni alicheka, jumbe hakucheka. "Na mmetoka huko milimani mpaka hapa, wake wenza, bila kugombana?"

"Hatujafika bado," Tatu akamjibu.

Jumbe akasema atatuuliza mmoja mmoja, mbalimbali. Nikaulizwa mimi kwanza, uani: mume alikuwa nani, kazi yake, amekufa kwa nini. Nikasema alikufa kwa homa ya kifua iliyomkamata mvuani, na ndivyo ilivyokuwa. Kisha Tatu akaulizwa chumbani, na mimi nimesimama upande wa pili wa ukuta wa fito na udongo, nasikia kila neno.

"Mume wako amekufa kwa nini?"

"Kwa kazi," Tatu akasema. "Aliamka alfajiri akilisha nyumba ya mke mmoja. Alipoongeza wa pili, akawa hapati usingizi. Mtu wa umri ule! Hata mvua ilipomkuta njiani na kapu la mikate, alikuwa anatafuta ya watu wawili."

Jumbe akatoka akisema, "Mmoja anasema homa, mwingine anasema kazi. Mtakaa hapa mpaka nijue." Tukakaa. Bi Semeni aliendelea kutulisha kwa moyo mwema, akinitazama kwa jicho la pembeni kama mtu aliyemwua mume kwa kula sana.

Sikumwambia Tatu nimesikia. Ningeanzia wapi? Nilikaa naye miaka yote ile nikidhani kinyongo kimekwisha. Aliniuguza nilipoharibu mimba, alinifundisha kukanda unga, tukicheka pamoja mlitusikia. Hata nyinyi mlikuwa mkisema wale si wake wenza, ni ndugu.

Dereva aliporudi na springi, alimwapia jumbe kwamba alituchukua Korogwe kwa heri na kwamba mikate ya marehemu ameila mwenyewe. Jumbe akatuomba radhi, akatupa mihogo ya njiani. Njia nzima kutoka hapo, Makurunge mpaka mjini, nilitazama mashamba nisiyaone.

Bagamoyo

Wifi Mwanamvua alitupokea kwa kilio, maana ndiyo mara ya kwanza tunaonana tangu msiba. Tulilia watatu mlangoni mpaka majirani wakaja wakalia nao. Kisha akatupa maji ya kuoga, akatupakulia wali wa nazi na papa mkavu, akaketi akitutazama tunavyokula. Ni mwanamke mrefu, ana sauti ya Athumani hasa. Mara ya kwanza aliponiita kutoka uani, niliitikia, "Labeka, bwana," na sahani ikanidondoka.

Mji wenyewe una huzuni yake. Majumba makubwa ya mawe, milango ya nakshi, ndani magugu ya porini na popo. Watu ni waungwana, salamu moja yaweza kuchukua nusu ya njia ya kwenda sokoni: u hali gani, wa nyumbani hawajambo, safari ilikuwaje, poleni na msiba. Jua linachoma, nguo hazikauki kwa chumvi, na mimi ngozi yangu ya mlimani ilitoka vipele mwili mzima.

Lakini Tatu! Tangu wiki ya kwanza alilala bila mito. Nilishtuka usingizini kwa kutosikia kitu, nikamgusa, nikakuta amelala kifudifudi kama mtoto, pumzi haisikiki. Akaanza kunenepa. Akaamka mapema kumsaidia wifi kuchoma vitumbua, akajifunza kusuka ukili wa mikeka, akawa anakwenda na wanawake wenzake Mlingotini kununua dagaa na kurudi kwa miguu. Hapa Lushoto mlimwona akipumzika mara tatu kutoka msikitini mpaka nyumbani.

Chombo kilikawia. Kusi ilikuwa kali, na ile mashua ya injini iliyopeleka abiria Unguja ilikuwa imeharibika. Ilipotengenezwa, wifi akampa nahodha salamu apeleke kwa shangazi: watu wa Athumani wanakuja. Jibu likaja kwamba shangazi amefurahi, chumba cha mbele kimepakwa chokaa.

Siku ya kuondoka tulikwenda forodhani watatu. Mizigo yetu ilipokwisha kutiwa mashuani, Tatu akaingia majini mpaka magotini, akashika kikapu chake, akakitoa.

"Siendi," akasema.

Wifi akadhani anaogopa mawimbi, akaanza kumtia moyo. Tatu akatikisa kichwa, akanigeukia mimi.

"Dija, safari hii Athumani aliniahidi mimi kabla hujaja. Nilikuwa mwali. Aliipanga ya watu wawili. Ulipokuja akaipanga upya, hata hakuniuliza. Sasa yeye hayupo, niende kufanya nini?"

"Si wewe uliyesema twende?"

"Nilitaka kutoka kwenye baridi. Nimetoka."

"Na mimi?"

"Wewe ukitaka nenda. Ukitaka kaa hapa na sisi."

Wifi akasema habari zimekwisha kupelekwa, bibi wa watu ameandaa, hapana budi mmoja aende. Watu mashuani walikuwa wanatutazama. Nilipanda kwa hasira, nikakaa nikimpa Tatu mgongo, na sikugeuka mpaka nilipoanza kutapika.

Unguja

Nilitapika njia nzima. Mwanamke mmoja wa Kiarabu nisiyemjua alinishika paji la uso na kunipa ndimu ninuse, akawa ananiambia, "Ni karibu, ni karibu," na haikuwa karibu. Tulifika mvua inanyesha. Nahodha mwenyewe, kwa heshima ya wifi, akanipeleka mtaa wa Ng'ambo mpaka kwa Bi Mize, akabisha hodi, akasema, "Mgeni wako huyu, mke wa Athumani," akarudi chomboni kwake.

Bi Mize ni mtu mzima sana, macho yake yana utando. Alinyoosha mikono hewani mpaka akaupata uso wangu.

"Tatu," akasema. "Tatu mwanangu. Umekuja."

Nikasema, "Shikamoo, shangazi. Mimi siye..." Lakini alikuwa amekwisha kunikumbatia, analia, ananiita Tatu, anamtaja Athumani, na mimi nimelowa, kichwa bado kinazunguka. Nikajiambia, akinyamaza nitamwambia. Aliponyamaza akaniletea uji wa mchele. Nikajiambia, nikimaliza uji. Nikamaliza, akasema, "Tatu, lala," nikalala.

Asubuhi ilikuwa muhali. Majirani walikuja kumwona Tatu wa Athumani. Walijua mambo yangu, yaani yake: kwamba anapenda udi, kwamba wakati wa harusi alikimbia akajificha ghalani. Athumani alikuwa akituma salamu zamani zile, kwa kila msafiri, na salamu zote zilikuwa za Tatu. Walinipa chumba cha mbele chenye upepo. Asubuhi muhogo wa nazi, mchana pweza, kama alivyopanga. Nilikula, na kila tonge nilijiona mwizi. Jioni Bi Mize alinivalisha kanga mpya, tukaenda kutembea pwani polepole, ameshika mkono wangu, na alipotajiwa jina la mtu aliyepita alisimama kunijulisha: "Huyu ndiye Tatu wetu." Mvua ilikuja na kwenda. Sikuona uzuri wa kisiwa kile, ingawa najua upo. Nilikuwa nachunga ulimi.

Siku moja, tumekaa barazani anachambua mchele kwa vidole, Bi Mize akasema, "Nilisikia aliongeza mke."

Nikasema, "Ndiyo."

"Aliyeniletea habari nilimrudisha na maneno. Nilimwambia, mwambie sikufurahi, Tatu kakosa nini? Sijui kama yalifika. Na huyo mwenzio, anakusumbua?"

Ningeweza kumwambia palepale. Mpaka leo nasikia jinsi mchele ulivyokuwa ukidondoka ungoni. Badala yake nilifungua mdomo nikasema kwa sauti yangu mambo ya Tatu.

"Alinisumbua alipokuja. Hakufanya jambo, alikuwa msichana mdogo tu, hajui hata kuwasha tanuri. Lakini kila nikimwona akipita uani na ndoo, najiuliza mimi nilipungua wapi."

"Ehee," akasema Bi Mize. "Na sasa?"

"Sasa nimemsamehe, shangazi."

Alinipapasa mkono. "Mungu akulipe," akasema. "Si kila mtu aweza."

Niliondoka kwa chombo cha kwanza nilichopata. Mwezi mzima aliotuahidi Athumani sikuukaa hata nusu. Bi Mize alinipa udi na jozi ya kanga, akaniombea dua kwa jina la mwenzangu.

Bagamoyo tena

Nilimkuta Tatu uani peke yake, anasuka ukili. Wifi alikuwa amekwenda sokoni. Nikaweka kanga na udi mbele yake.

"Vyako hivi."

"Nani kanipa?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote tangu kupapaswa uso mpaka chumba cha mbele. Mwanzoni alitaka kucheka. Niliposimulia harusi na ghala, aliziba mdomo kwa kanga, na sikujua anacheka au analia.

"Akaniuliza kama mke mwenzangu ananisumbua," nikasema.

Mkono wake ukasimama. "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia alinisumbua zamani, ila nimekwisha kumsamehe."

Tatu aliuweka ukili chini. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayekumbusha chungu kiko motoni:

"Hayo umeyasema wewe, Dija. Mimi sijayasema."

Kuku walikuwa wanaparura karibu na miguu yetu. Nikajikaza nikamwuliza, "Na ungeulizwa wewe?"

Aliuokota tena ukili. "Nilijua wataniuliza," akasema. "Ndiyo maana sikwenda."

Kurudi

Safari ya kurudi haina habari. Mto ulikuwa mdogo, pantoni likavuka mara moja, hakuna kilichokatika. Tatu na wifi walinisindikiza mpaka kituo cha malori. Wifi alinisihi nibaki nao. Nilimwambia joto limenishinda na tanuri halina mtu. Tatu alinifungia vitumbua vya njiani, akakaza fundo mara mbili, akaniambia nisikae nyuma kwenye upepo. Nikampa mkono, akaushika. Ndiyo hivyo tu.

Bi Mize sijamtumia habari ya kweli. Nimeanza mara nyingi, na kila mara naona ni Tatu mwenye haki ya kuipeleka au kuiacha.

Juzi dereva mmoja wa lori aliniletea salamu kutoka Bagamoyo. Tatu anasema mvua za vuli zimeanza huko, wamepanda kunde, na kifua hakijamrudia. Hakutuma neno jingine. Dereva alikula mkate wake amesimama, akasema anarudi huko baada ya kushusha mzigo, niseme kama nina jibu.

Nilikuwa na mengi. Nilisimama na unga mikononi mpaka akaanza kutazama lori lake.

"Mwambie nimesikia," nikasema. "Na mwambie chumba chake nakifagia."